Usipoziba Ufa: Kazi ya Kujenga Darubini za Angani

Seremala akikosea kipimo cha mlango, hurudi kesho yake na randa akaurekebisha. Mkulima aliyepanda mistari iliyopinda aweza kuinyosha msimu ujao. Lakini iko kazi moja ambayo fundi wake, akisha kuitoa mikononi, pengine hataigusa tena maisha yake yote. Kazi hiyo ni kujenga darubini ya kupelekwa angani. Habari za darubini mbili za Marekani, moja iliyorushwa mwaka 1990 na nyingine mwaka 2021, zaonyesha jinsi kosa dogo liwezavyo kuleta hasara kubwa, na jinsi watu wa kazi hiyo walivyojifunza kutokana na kosa lao.

KWA NINI ZIPELEKWE JUU?

Huenda mtu akauliza: nyota zaonekana kila usiku kutoka hapa chini, ya nini kuzifuata juu kwa gharama kubwa? Jibu lake ni hewa. Atazamaye mawe yaliyo chini ya maji ya mto huyaona yakitikisika, ingawa mawe yenyewe yametulia. Ndivyo hewa inavyoifanya nuru ya nyota, na ndiyo sababu nyota humetameta. Tena ziko aina za nuru ambazo hewa huzizuia zisifike ardhini kabisa, na mojawapo ni eksirei, ileile itumikayo hospitali kupiga picha za mifupa.

Katika jambo hili pwani ya Kenya ina sehemu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Roketi hiyo ilibeba chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei za angani. Kwa heshima ya siku hiyo kikapewa jina la Uhuru. Aliyeongoza uchunguzi wake, Bwana Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kabla ya hapo, mwaka 1981, alikuwa amefanywa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi iliyowekwa katika mji wa Baltimore kusimamia kazi za darubini kubwa kuliko zote zilizopata kupelekwa angani mpaka wakati huo. Darubini hiyo ni Hubble.

KOSA LILILO DOGO KULIKO UNYWELE

Hubble ilipelekwa juu mwezi wa Aprili 1990. Moyo wake ni kioo chenye upana wa mita 2.4, kilichosuguliwa kwa muda mrefu mpaka kikawa laini ajabu. Watu wengi walingojea picha zake kwa hamu. Picha zilipofika, wataalamu walihuzunika. Kila nyota, badala ya kuwa nukta moja safi, ilikuwa na ukungu kuizunguka.

Uchunguzi ulifanywa, na sababu ikapatikana. Ukingo wa kioo ulikuwa umesuguliwa ukapita kiasi. Kiasi hicho kilikuwa kadiri ya sehemu mbili za milimita moja iliyogawanywa mara elfu, yaani kama sehemu moja katika 50 ya unene wa unywele wa mtu. Kosa hilo lilitoka katika kipimo chenyewe. Chombo kilichotumiwa kukipima kioo kilikuwa kimeunganishwa vibaya, na lenzi moja ndani yake ilikaa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3. Basi mafundi walikisugua kioo kwa uangalifu mkubwa sana, wakifuata kipimo cha uongo. Ni kama mtu akatae mpaka wa shamba kwa kamba iliyokatika bila yeye kujua: hata apime mara mia, atapata kosa lilelile.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba dalili zilikuwapo. Vyombo vingine viwili vilikuwa vimeonyesha kwamba kioo kina kasoro. Lakini vyombo hivyo vilihesabiwa kuwa si sahihi kama kile cha kwanza, na ushuhuda wake ukawekwa kando. Fedha zilikuwa zapungua na wakati ulikuwa umepita, wala darubini nzima haikujaribiwa ikiwa imeunganishwa tayari. Ufa ulionekana, nao haukuzibwa.

Bahati njema ilikuwa moja. Hubble iliwekwa mahali ambapo watu wangeweza kuifikia, kadiri ya kilomita 600 juu ya ardhi, ambazo hazizidi sana safari ya barabara kutoka Mombasa mpaka Nairobi na kupita. Mwezi wa Desemba 1993 wanaanga saba walipanda kwa chombo kiitwacho Endeavour. Kwa siku tano walitoka nje kwa zamu, wakiwa wamefungwa kamba, wakatia vyombo vipya vya kurekebisha nuru kama vile mtu mwenye macho dhaifu avaavyo miwani. Kazi ilifaulu, na tangu hapo Hubble imeleta picha zinazojulikana dunia nzima. Lakini ukuta ulikuwa umejengwa upya kwa gharama iliyopita sana gharama ya kuziba ufa.

DARUBINI ISIYOFIKIWA

Darubini ya pili yaitwa James Webb. Hii haikujengwa kuona nuru ya kawaida, bali nuru ya joto. Mtu aketiye gizani karibu na jiko lililokwisha kuzimwa halioni, lakini uso wake wahisi moto utokao kwake. Nuru ya nyota za kale sana, kwa kusafiri mbali, imegeuka kuwa ya namna hiyo. Kuihisi, darubini yenyewe haina budi kuwa baridi mno, mbali na joto la dunia. Kwa hiyo ilipangwa ikae kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, mara nne ya umbali wa mwezi. Hakuna mwanaanga aliyewahi kufika huko. Ikiharibika, hakuna wa kuitengeneza.

Tena ilikuwa kubwa kuliko roketi yake. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, nacho ni vipande 18 vilivyopakwa dhahabu. Chini yake lipo pazia la kuzuia jua, lenye tabaka tano nyembamba, ukubwa wake kama uwanja wa tenisi. Upande wa jua waweza kufika digrii 85 za joto, na upande wa kivuli hushuka chini ya digrii 230 za baridi. Vitu vyote hivi vilipaswa kukunjwa kama mwavuli ili viingie katika kichwa cha roketi, kisha vikunjuke vyenyewe huko juu. Wataalamu walihesabu mambo 344 ambayo moja tu likishindwa, kazi nzima ingeweza kupotea.

Gharama nayo ilipanda. Kazi iliyodhaniwa kwanza kuwa ya kadiri ya dola bilioni moja ilifika kama bilioni 10. Mwaka 2011 kamati moja ya Bunge la Marekani ilipendekeza ifutwe kabisa. Wako waliosema kwamba fedha hizo zimetupwa, na si ajabu kwamba walisema, maana zilikuwa fedha za walipa kodi, na miaka ilikuwa inapita bila kitu cha kuonyesha.

Mwaka 2018 darubini ilijaribiwa kwa mshindo wa sauti kama ule wa roketi. Jaribio lilipokwisha, skrubu na washa kadhaa zilikutwa zimeanguka kutoka katika kifuniko cha pazia la jua. Nati hazikukazwa ipasavyo. Mahali pengine dawa isiyofaa ilikuwa imetumiwa kusafishia vali. Haya yalikuwa makosa ya mikono ya watu, wala si ya elimu. Lakini safari hii dalili haikuwekwa kando. Kazi ilisimamishwa, skrubu zikatafutwa na kuhesabiwa, watu wasiohusika na ujenzi wakaitwa kuchunguza, na siku ya kurusha ikaahirishwa tena. Wakubwa walikubali aibu ya kuchelewa kuliko majuto ya baadaye.

SIKU KUMI NA NNE ZA KUNGOJA

Darubini ya Webb iliondoka siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2021, juu ya roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa. Mahali hapo pako karibu na ikweta kama Malindi, ambapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa msukumo wake. Kwa siku kumi na nne mafundi waliketi mbele ya mitambo yao wakingoja habari. Pazia lilikunjuka. Tabaka zake tano zikavutwa moja baada ya moja. Tarehe 8 Januari 2022 ubavu wa mwisho wa kioo ulifika mahali pake, na katika yale mambo 344 hakuna lililoshindwa. Roketi nayo ililenga vizuri hata mafuta ya darubini yakabaki mengi, na umri wake, uliokusudiwa kuwa miaka kumi, ukatazamiwa kupita miaka ishirini.

Picha zake za kwanza zilionyeshwa mwezi wa Julai 2022. Tangu hapo imeona makundi ya nyota ambayo nuru yake iliondoka huko wakati ulimwengu ulipokuwa haujatimiza miaka milioni 300, hali sasa una miaka kama bilioni 13.8. Tena imetambua hewa ya kaboni dayoksaidi katika sayari izungukayo nyota nyingine, jambo ambalo halikupata kuthibitishwa hivyo kabla yake.

ZIJAZO

Sasa darubini nyingine zatengenezwa. Moja yaitwa kwa jina la Bibi Nancy Grace Roman, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa elimu ya nyota katika shirika la anga la Marekani. Kioo chake kina upana uleule wa Hubble, lakini picha yake moja itafunika sehemu ya mbingu zaidi ya mara mia kuliko ile ya Hubble. Shirika liliahidi kuirusha kabla ya Mei 2027 kwisha. China nayo imeandaa darubini iitwayo Xuntian, itakayozunguka karibu na kituo chao cha angani, ili iweze kukisogelea kituo hicho ikihitaji matengenezo.

Roketi pia zimebadilika. Tangu Desemba 2015 sehemu ya chini ya roketi ya Falcon 9 imeweza kurudi na kutua imesimama, ikatumiwa tena, na zajaribiwa roketi zenye upana wa mita tisa. Katika kichwa kipana kama hicho darubini kubwa haitahitaji kukunjwa sana, na mikunjo ikipungua, mambo ya kuogopwa nayo hupungua.

Lakini roketi haiwezi kukaza nati iliyosahauliwa. Hubble ilijengwa na wataalamu hodari, na Webb ilijengwa na wataalamu hodari vilevile. Tofauti yao ilikuwa siku ile dalili mbaya ilipojitokeza: wa kwanza waliendelea na kazi, na wa pili walisimama. Karani akutaye hesabu zisizolingana kwa senti tano, na mkulima aonaye maji yakianza kupenya katika tuta lake, nao huwa na siku kama hiyo. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko juu kupita mwezi hakuna wa kuujenga.