Gia ya mashine ya miwa ilivyonirudisha darasani

Mashine ya mjomba ya kukamua miwa iligoma siku ya soko, hapa Pap Onditi. Gia ndogo, ile inayozungushwa na mpini, ilikuwa imekatika meno matatu. Wateja wakahamia kwa soda. Mjomba akaniangalia.

"Okewa, si wewe ulisomea hizi mambo?"

Nilisomea, ndiyo, lakini karo ilinitoa chuoni kabla hatujafika kwenye gia. Sasa utamwambiaje hivyo mtu ambaye mashine hiyo ndiyo inasomesha binti yake? Nikamjibu, "Nera, nipe wiki moja."

Usiku huo nikapakua FreeCAD. Ni programu ya bure, haiulizi leseni, na ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti. Kwa sisi wa bando la kuhesabu, hiyo si jambo dogo. Laptopu yangu ya mtumba ilihema kidogo, ikafungua.

Ndani kuna kitufe cha kuchora gia. Unabonyeza, gia inatokea kwa skrini, safi, inang'aa, unajiona injinia. Hapo ndipo nilidanganyika. Programu haijui mashine ya mjomba. Inataka idadi ya meno, moduli na pembe ya mgandamizo, kisha inachora chochote utakachoijibu, hata upuzi.

Meno nilihesabu pamoja na visiki vya yaliyokatika: 18. Gia kubwa ina 36, kwa hivyo mpini ukizunguka mara mbili, rola inazunguka mara moja, na nguvu ya mkono inaongezeka maradufu. Hiyo nilielewa haraka. Moduli ndiyo ilinisumbua. Hiki ni kipimo cha ukubwa wa jino, na gia mbili zisipokuwa na moduli moja haziwezi kuelewana kamwe. Nikapima upana wa gia kati ya meno mawili mazima yanayotazamana: milimita 80. Nikagawa kwa 18, nikapata 4.44. Nikaijaza.

Gia ikatoka na upana wa karibu milimita 89. Kwani imenenepa wapi? Nilikaa na hilo swali mpaka saa nane usiku. Kumbe moduli haihesabiwi kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino. Inahesabiwa kwenye duara la katikati ya meno, pale gia mbili zinapokutana, na duara hilo hulioni kwa chuma. Ukipimia nchani, unagawa kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. 80 kwa 20 ni 4. Ni namba kamili, na ukiipata namba kamili namna hiyo ujue uko karibu na ukweli.

Kuna njia ya kuhakikisha. Jumlisha meno yote, 18 na 36, zidisha kwa moduli, gawa kwa mbili: 108. Asubuhi nikapima kutoka katikati ya ekseli moja hadi nyingine. Milimita 108. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Pembe niliacha digrii 20, ambayo ndiyo ya kawaida siku hizi, ingawa gia nyingi za zamani ni 14.5. Mkunjo wa jino wenyewe unaitwa involuti. Funga uzi kwenye mkebe, ufungue ukiwa umeukaza, na ncha ya uzi itakuchorea. Umbo hilo ndilo linafanya gia zisukumane kwa mwendo sawa bila kurukaruka.

Kabla ya kugusa pesa ya mjomba nikachapisha mchoro kwa saiba, saizi halisi, niubandike kwenye kadibodi. Haukuingia! Printa ilikuwa imepunguza mchoro ili utoshee karatasi. Tangu hapo kila mchoro wangu una mstari wa milimita 100 kando, nauwekea rula kwanza. Wa pili ukaingia vizuri.

Nikapanda matatu, Katito, Ahero, hadi Kisumu, kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye. Fundi hakutaka kuona laptopu. Aliuliza tu: "Moduli ngapi, meno mangapi?" Maanake kisu cha kukata gia huchaguliwa hivyo, na kisu kimoja kinatumika kwa meno 17 hadi 20 peke yake. Nikamjibu bila kusoma popote. Wasee, hiyo raha sikuipata hata nikiwa chuoni.

Siku ya soko iliyofuata mjomba alizungusha mpini polepole, sikio kwa mashine. Kisha akaingiza muwa mzima.

Jioni alikuja na kitu kizito kimefungwa kwa gazeti. Gia ya mtu wa Katito. Nikavuta kiti, nikaanza kuhesabu meno.