Dhahabu ya Juu Juu

Kwetu pwani dhahabu ndiyo benki ya mwanamke. Vikuku alivyoolewa navyo huvivua siku ya dhiki akampelekea sonara. Sonara huvitia mizanini, huvisugua juu ya jiwe jeusi, hudondoshea mchirizi ule tindikali, na akisharidhika hulipa kwa gramu. Hata vumbi la karakana yake halitupi: hulifagia akaliweka, kwani ndani yake mna unga wa dhahabu.

Nchi ya majani chai ina mila nyingine. Mali ya Wakipsigis ni ng'ombe, na katika ndoa ya jadi maarusi hufungana mikononi nyasi za segutiet, si pete. Dhahabu ilikuja baadaye, na nyingi iliyokuja ni ya juu juu. Kwa hiyo niliposikia kwamba Chepseon, kituo kilicho kando ya barabara ya Kericho kwenda Nakuru, kuna kijana anayenunua mikufu iliyokatika na saa mbovu ili azitoe dhahabu kwa tindikali, niliteremka garini nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta bandani, mvua ya alasiri inanyesha, na mbele yake mama mmoja mchuma majani chai na binti yake. Mama alikuwa na mkufu uliochujuka, urithi wa mamake aliyepewa na mmisionari Mmarekani. Binti alivaa bangili mpya yenye kung'aa. Kijana aliisifu bangili, akaubeza mkufu.

"Mzee, ninyi watu wa pwani mnaijua dhahabu," mama aliniambia. "Nitazamie."

Nilivaa miwani. Penye kifungo cha mkufu palichorwa 1/20 12K GF. Hebu tuisome alama hiyo. Maana yake shaba imevishwa ganda la dhahabu lililobanwa kwa moto na nguvu, na ganda hilo ni sehemu 1 katika 20 ya uzito wote. Karati 12 ni nusu ya 24, yaani nusu ya ganda ndiyo dhahabu safi. Mzani wa kijana ulionyesha gramu 8. Ganda basi ni gramu 0.4, na dhahabu safi gramu 0.2, ikiwa miaka haijalila. Ni kidogo, lakini ni kitu.

Bangili je? Hiyo ilichovywa tu kwa umeme. Tabaka la namna hiyo mara nyingi halifiki hata sehemu ya elfu ya milimita. Bangili nzima pengine haina miligramu 20.

Mama aliurudisha mkufu mfukoni. "Nitaupeleka kwa sonara Kericho, na hesabu yako nitaipeleka," alisema. Kijana hakupendezwa nami, na simlaumu.

Hata hivyo alinionyesha kazi yake. Tindikali ya naitriki hula shaba na kuiacha dhahabu. Maji hugeuka rangi ya mrututu, na juu yake huelea ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu. Anayetaka kuiyeyusha dhahabu yenyewe huchanganya naitriki na haidrokloriki, mchanganyiko ambao Waarabu huuita maji ya kifalme. Sisi tuliosoma chuoni hupenda kumpa sifa hiyo Jabir bin Hayyan, lakini haki isemwe: maelezo yake ya wazi yamo katika vitabu vya Kilatini vya kiasi cha mwaka 1300, vya mtu aliyejificha nyuma ya jina lake. Mwaka 1940, Wajerumani walipoingia Copenhagen, mkemia George de Hevesy aliziyeyusha humo nishani mbili za Nobel, za Max von Laue na James Franck, wasizione. Chupa ilikaa rafuni vita vyote. Baadaye dhahabu ilitolewa majini, nishani zikasubiwa upya.

Lakini de Hevesy alikuwa maabarani. Kijana wa Chepseon alikuwa ndani ya banda, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua, na moshi wa kahawia ukipanda besenini. Moshi huo una hila. Mtu huuvuta, akakohoa kidogo, akaenda zake kula. Usiku mapafu yakajaa maji, na wengine hawaamki. Nilimwambia atoke nje, asimame upepo ukiwa mgongoni. Alisema nje kuna macho ya watu.

Nikamwuliza anamwaga wapi maji yale ya kijani. Alinionyesha mtaro. Mitaro ya vilima hivi huteremka kuelekea mto Nyando, na Nyando huingia Ziwa Victoria. Shaba iliyoyeyuka huua samaki hata ikiwa kidogo. Vipande vya chuma vikilazwa humo huivuta shaba ikatuama, na chokaa huiua tindikali iliyobaki. Chokaa, nilimwambia, inauzwa duka la tatu kutoka hapo. Aliuliza bei yake.