NYUMBA ZA NYUKI NA MANYIGU HAPA SHULENI: TUFANYE NAMNA GANI?



Muhula huu watu wengi wamekuja kubisha mlango wangu na neno lile lile: "Kapita, iko nyumba ya manyigu kule, tuchome?" Kila mara ninajibu: "Ngojeni kwanza." Wamoja wanacheka, wanasema Kapita anaogopa. Ni kweli, ninaogopa. Nitawaeleza juu ya nini, kiisha nitaeleza yale niliyojifunza, ili kila mmoja ajue la kufanya hata kama mimi sipo. Mimi ni finalisti, mwaka ujao mtakuwa na kapita mwingine, lakini manyigu watakuwa wale wale.

KOSA LANGU MIMI MWENYEWE

Mwaka uliopita kulikuwa nyumba ya manyigu chini ya paa la majani la jikoni. Haikuwa kubwa, sawa kiganja cha mkono. Mama wa jikoni alikaa nayo wiki nyingi bila neno. Siku moja nyigu mmoja akamuuma mvulana, naye akaja kwangu na hasira. Mimi sikuuliza kitu. Ilikuwa saa tisa ya mchana, jua kali. Niliwaambia wavulana wawili wafunge majani makavu ya mgomba kwenye mti mrefu, wawashe, wachome. Mimi nilisimama mbali kidogo, mikono nyuma, sawa mkubwa wa kazi.

Moto ulipogusa ile nyumba, manyigu wakatoka wote. Aliyeshika mti akautupa na kukimbia, na moto ukashika majani ya paa. Tulileta maji na ndoo, tukauzima, lakini upande mmoja wa paa ulikuwa umekwisha. Na wale manyigu hawakumfuata aliyewachoma. Walimkuta mtoto wa kalasi ya saba aliyekuwa anatoka kisimani na bido ya maji kichwani. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika bido, hakuweza kujifunika. Walimuuma usoni mara nyingi. Siku mbili macho yake hayakufunguka, na kesho yake ilikuwa enterogasio ya hesabu.

Bwana Prefe hakunipa azabu ya kulima. Aliniambia tu nikae karibu na kitanda cha yule mtoto na kumsomea masomo yake mpaka aone tena. Nilimsomea siku mbili. Hakunilaumu hata mara moja, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Tangu siku ile ninajua neno moja: anayetupa jiwe siye anayeumwa. Anayeumwa ni yule anayepita.

KWANZA TAZAMA NI MDUDU GANI

Kiisha mambo hayo nilienda kwa mzee mmoja wa karibu anayefuga nyuki. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Walikuwa wadudu gani?" Nilijibu: "Wale wenye kuuma." Akacheka sana. Basi tujifunze kuwatofautisha.

Nyuki ana manyoya kidogo mwilini na rangi ya kahawia. Nyumba yake ni ya nta, na ndani kuna masega ya asali na watoto. Anapenda shimo: ndani ya mti, katika ukuta, juu ya plafo ya kalasi. Mwiba wake una meno kama ndoana. Akikuuma, mwiba unabaki katika ngozi pamoja na kifuko cha sumu, naye nyuki anakufa. Anauma mara moja tu, lakini katika mzinga mmoja wako maelfu.

Nyigu mwili wake ni laini, kiuno chake chembamba sana. Hana asali ya kutupa. Nyumba yake ni kama karatasi ya kijivu: anakwaruza mbao kavu, anatafuna na mate, anajenga vyumba vidogo vidogo. Mwiba wake hauna meno kama ya nyuki, basi anauchomoa na kuuma tena na tena.

Kuko pia wale wanaojenga na udongo katika kona ya dirisha, sawa kidole cha matope. Wengi wao wanaishi peke yao, hawana jeshi, hawatufuati. Na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, makelele yao ni mengi kuliko ubaya wao. Wanaharibu mbao, lakini hawashambulii watu kwa kundi. Hao wote hawahitaji vita.

Jambo lingine: mnaweza kuona kundi la nyuki wamening'inia kwenye tawi, sawa fungu la ndizi, bila masega. Hao wako safarini. Malkia wao yuko katikati, wanatafuta nyumba mpya. Kwa kawaida ni wapole, juu hawana watoto wala asali ya kulinda. Mara nyingi wanaondoka wenyewe kiisha saa chache au siku chache. Mkiwatupia jiwe, ninyi ndio mnaoanzisha ugomvi.

PILI ULIZA NANI ANAPITA PALE

Si kila nyumba ni ya kuondoa. Manyigu wanakamata viwavi na kuwapelekea watoto wao. Katika shamba letu la mashu ni wafanyakazi wasiolipwa. Nyuki wanabeba unga wa maua kutoka ua moja hadi lingine, na bila kazi yao maboga, avoka na matunda mengine yangekuwa machache. Nyumba iliyo mbali, juu ya mkaliptusi ambapo hapana njia, tuiache.

Lakini ile iliyo juu ya mlango wa choo, kwenye njia ya kisima, katika kalasi, karibu na dortwari ao mahali panapopigwa kengele, hiyo tusiiache. Na iliyo karibu na mashini ya kusaga ao groupe ya umeme ni mbaya zaidi, maana makelele na mtikisiko vinawakasirisha nyuki. Rangi nyeusi na marashi vinaweza pia kuwachokoza.

NAMNA YA KUONDOA

Hii si kazi ya wanafunzi. Ni kazi ya mkubwa anayeijua, na sisi tunasaidia kwa kutoa habari na kuweka watu mbali.

Nyumba ya manyigu ni rahisi ikiwa ingali ndogo, wakati kuna nyigu mmoja ao wachache tu. Kwa sababu hiyo nimeomba kila Jumamosi, wakati wa salongo, watu wawili wazunguke nyumba zote na kutazama chini ya paa, nyuma ya madirisha na ndani ya vyoo. Nyumba changa inaangushwa na mti mrefu, na kazi imekwisha. Ikiwa kubwa, inangojwa usiku, wakati wote wamerudi na baridi imewalegeza. Mwenye kazi anavaa nguo nzito, ganti, bote, na musitikere juu ya kofia. Maji yenye sabuni nyingi yanawaua, juu sabuni inafanya maji yashike mwili wao na kuziba matundu wanayopumulia. Hapana moto, hapana kuleta mashuhuda.

Kuhusu esansi na petroli, ninaomba tuache kabisa. Paa zetu nyingine ni za majani, mmesikia yaliyonipata. Tena petroli ukiimwaga katika shimo ardhini, mvua inaweza kuishusha hadi kwenye kisima tunachokunywa.

Nyuki, tumwite fundi wa nyuki. Muhula wa kwanza yule mzee alikuja usiku kutoa nyuki waliokuwa juu ya plafo ya kalasi ya fizike. Torshi yake ilifunikwa kitambaa chekundu, maana nyuki hawaoni mwanga mwekundu. Alipuliza moshi polepole. Moshi unaficha harufu wanayotumia kuitana, na tena unawafanya wakimbilie kujaza tumbo na asali, hapo wanakuwa wazito na wapole. Alikata masega yenye watoto, akayafunga ndani ya mzinga, akamtafuta malkia. Malkia akiingia, wengine wanafuata.

Sitawadanganya: siku ya nne nyuki wale waliuacha mzinga, wakaenda zao. Mzee alisema nyuki wa kwetu Afrika ni wepesi wa kuhama. Lakini kalasi ilibaki salama, hapana hata mtu mmoja aliyeumwa. Kiisha tulikwangua nta yote na kuziba tundu na udongo na simenti, maana harufu ya nta ya zamani inaita kundi jipya. Tundu ambalo kidole kidogo kinaingia linawatosha.

WAKIKUSHAMBULIA

Hapana kupigapiga na mikono. Nyuki akiuma ao ukimponda, anatoa harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo inaita wenzake. Funika uso na shati, acha macho kidogo tu, kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba na ufunge mlango. Hata wachache wakiingia pamoja nawe, ni afazali kuliko mamia nje. Usijitupe mtoni, maana wanaweza kukungoja juu ya maji. Na neno kubwa: usikimbilie mahali watoto wamesimama. Piga makelele wakimbie, nawe uelekee upande mwingine.

ALIYEUMWA

Mwondoeni kwanza mahali pale. Mwiba wa nyuki toeni haraka, na ukucha ao kitu chochote. Kile kifuko kinaendelea kusukuma sumu, na upesi una faida kuliko ufundi. Osheni na sabuni, wekeni kitambaa cha maji baridi. Pete itolewe kabla kidole hakijavimba. Hapana kupaka udongo wala mavi ya ngombe, mnaweza kumletea pepopunda.

Kuvimba mahali palipoumwa ni kawaida. Lakini mtu akipata mabaka mwili mzima, akivimba midomo ao ulimi, akipumua kwa shida, akitapika ao kuzirai, hiyo si kawaida hata kama ameumwa na mdudu mmoja tu. Damu ya watu wamoja haivumilii ile sumu, na wanaweza kufa katika dakika chache. Asitembee kwa miguu. Alazwe, ao akae kama pumzi ni ngumu, abebwe katika tipoyi ao pikipiki iliyo karibu zaidi, apelekwe kituo cha afya na mmoja atangulie kusema. Dawa yake ni sindano ya adrenalini. Pia aliyeumwa mara nyingi, makumi ya miiba, apelekwe hata kama anasema "niko muzuri", maana sumu nyingi inaweza kuharibu figo kiisha siku. Mwenye kujua kwamba mwili wake unakataa nyuki, aniambie leo, tuandike jina lake kwa muganga.

OMBI LANGU

Leo ziko nyumba tatu ninazojua. Ya kwanza iko mwisho wa shamba, juu ya mkaliptusi: tunaiacha. Ya pili, ya manyigu, iko nyuma ya choo cha wasichana: mlinzi ataiondoa Ijumaa usiku, na mpaka siku ile wasichana watumie choo cha upande wa kanisa. Ya tatu ni nyuki ndani ya mti kwenye njia ya kisima: yule mzee ameitwa, na tumefunga njia na kamba. Tafazali, mpite njia ya chini, hata kama ni ndefu.

Ukiona nyumba nyingine, usiiguse, usitupe kitu. Tazama ni mdudu gani, tazama nani anapita pale, kiisha njoo uniambie. Nitaandika kwenye ubao karibu na refektwari.

Yule mtoto aliyeumwa sasa yuko kalasi ya nane. Ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuiona ile nyumba ya kisima. Hakukimbia wala hakutupa jiwe. Alisimama mbali, akazuia wenzake wenye mabido, akamtuma mmoja aniite.

Kapita wa enternati, finalisti