Kiyoyozi hakiondoi moshi wa jenereta

Ukifika Lafey, mji mdogo katika kaunti ya Mandera karibu na mpaka wa Somalia, huhitaji kuambiwa kwa nini mwenye duka au nyumba ya wageni hutamani kiyoyozi. Joto la huko halina mzaha. Na pale umeme unapokuwa wa shida, kiyoyozi huhitaji jenereta. Ni rahisi sana kuiweka nyuma ya ukuta, kando ya kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi, ili waya iwe fupi na wezi wasiifikie.

Hapo ndipo hatari huanzia. Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu hukosa nafasi ya kubeba oksijeni, na ubongo na moyo huumia upesi. Jiko la makaa hutoa gesi iyo hiyo, na hata dabqaad, chetezo ambacho Wasomali hufukizia uunsi.

Je, kiyoyozi hakileti hewa safi?

La hasha! Viyoyozi vingi vya nyumbani vyenye sehemu mbili huzungusha hewa ile ile ya chumbani na kuipoza. Kisanduku cha nje hutupa joto tu. Basi moshi ukipenya dirishani, chini ya mlango au katika tundu la bomba la kiyoyozi, hubaki humo chumbani. Wewe utahisi ubaridi na kudhani hewa ni nzuri, kumbe unavuta sumu.

Umbali unaofaa

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kila mlango, dirisha na tundu la hewa. Hizo ni kama hatua nane za mtu mzima. Bomba lake la moshi lielekee mbali na nyumba, za majirani pia. Usiiwashe barazani wala stoo, hata mlango ukiwa wazi.

Ikiwa jikoni kuna dohani, ipande juu ya paa na mdomo wake usielekee dirisha wala kiyoyozi. Masizi na mafuta huziba kisanduku cha nje, kikashindwa kupoza. Mwambie fundi azibe vizuri tundu la bomba ukutani.

Unapofukiza uunsi, zima kiyoyozi na ufungue madirisha. Chunga zaidi chumba cha mama aliyejifungua, ambaye kwa desturi hukaa ndani siku 40 na mtoto wake. Mjamzito naye asikae penye moshi, kwani gesi hii humfikia mtoto tumboni. Usilale na jiko la makaa ndani, hata likionekana limezimika.

Dalili zake

Kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kisha huchanganyikiwa. Ni rahisi kudhani ni malaria. Lakini jiulize: je, watu kadhaa wa nyumba hiyo wameugua pamoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje? Kama ndivyo, shuku moshi. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Toeni watu wote nje mara moja, hata kabla ya kuzima jenereta. Mpelekeni mgonjwa hospitalini na mweleze daktari habari ya moshi, ili apewe oksijeni mapema. Asirudishwe kulala eti atapoa.

Msomaji, nawe uliye Garissa au Nairobi, leo jioni kabla ya kuwasha jenereta, hesabu hatua hizo nane. Tahadhari kabla ya hatari.