Maji ya Udhu na Bustani ya Msikiti Wakati wa Ukame



Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Disemba hadi Aprili. Mvua ikichelewa au ikikatika katikati, mboga huungua zikiwa changa. Maziwa ya Singidani na Kindai yapo pale pale mjini, lakini maji yake ni ya chumvi. Ndipo linapokuja suala: je, inajuzu maji ya udhu kuelekezwa kwenye bustani ya msikiti?

Inajuzu. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, maji machache yaliyokwishatumika kuondolea hadathi ni twahara lakini hayatwaharishi. Hutawadhii tena kwayo, ila kunyweshea mchicha au mpapai hakuna kizuizi, na kinachoota ni halali. Maji ya chooni ni najisi, mfereji wake utengwe. Yakifika bustanini, mmea wenyewe hauwi najisi, lakini kilichoguswa kioshwe kabla ya kuliwa.

Uzito uko kwenye bomba lenyewe. Kisima au tangi lililowekwa wakfu kwa ajili ya udhu halifunguliwi kumwagilia bustani, kwani Wanachuoni wameeleza kuwa sharti ya mwenye kuweka wakfu hufuatwa kama yanavyofuatwa maandiko ya Sheria. Maji yaliyokwisha kupita miguuni yametimiza kazi yake, na yangepotea bure. Basi anayetaka kuchimba kisima leo atamke tangu mwanzo kwamba ni cha udhu na cha bustani, maana wakfu ukishatimia hana tena uwezo wa kubadilisha sharti. Tunalisisitiza hili kwa sababu ugomvi mwingi wa kamati za misikiti huanzia hapo.

Tuchukulie watu 50 wanatawadha Adhuhuri, kila mmoja kwa lita 3. Hizo ni lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20, kwa Swalah moja tu! Wala isiwe hoja ya kuachia bomba ili miti inywe: Anas (Radhiya Allaahu 'anhu) amepokea, kwa Al-Bukhaariy na Muslim, kwamba Mtume akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita moja.

Kwa ardhi kavu kama ile, mboga zipandwe kwenye vishimo vifupi badala ya matuta yaliyoinuka, juu yatandazwe majani makavu, na maji yatiwe jioni. Sabuni isitumike kwenye mfereji huo.

Ama mazao, hayo ni mali ya msikiti. Yauzwe kwa maslahi yake, na anayeihudumia bustani apewe ujira unaojulikana, asijichumie tu kwa kuwa ndiye mwenye kushika ndoo.

Wa Allaahu A'lam.