Semesta imeisha, mgeni wako anataka kusafiri peke yake? Mwelekeze mambo haya 5

Mitihani imekwisha, wenzake wengi wameshapanda ndege. Mwanafunzi wa kigeni uliyekaa naye Mwenge au Chang'ombe semesta nzima anakwambia: "Naenda Mbeya, halafu Mtwara, halafu Zanzibar. Peke yangu."

Usimkatalie. Kiswahili cha kununulia nyanya anacho, daladala anazijua. Ila muda wote huo alikuwa na chuo nyuma yake na wewe pembeni. Safari hii atakuwa mwenyewe, kwa hiyo kaa naye chini kabla hajafunga begi.

1. Aangalie tarehe ya kibali
Wanafunzi wa kigeni huishi nchini kwa kibali cha ukaazi daraja C. Asihesabu siku kwa kutazama tiketi ya ndege, asome tarehe iliyoandikwa kwenye kibali chenyewe. Kama kinaisha kabla ya safari, aende Uhamiaji Kurasini mapema, kabla hakijaisha. Kukaa nchini bila kibali ni kosa, na kusema "sikujua" hakumsaidii mtu. Akitaka kuvuka kwenda Kenya au Zambia kisha arudi, aulize kwanza ataingia tena kwa utaratibu gani.

2. Ajue anapandia wapi
Hapa ndipo wengi wanapotea. Mabasi ya mikoani hayako Ubungo tena, tangu 2021 stendi kuu ni Magufuli, Mbezi Luis. Mabasi mengi ya Lindi na Mtwara hupakia Mbagala Rangi Tatu. Treni ya SGR ya Morogoro na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, inaondokea katikati ya jiji. Reli ya TAZARA inayopita Mbeya hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ina stesheni yake kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, na hiyo aulizie ratiba kabla ya kupanga lolote.

Anayelala Mbagala akiwa na basi la alfajiri Mbezi, bora usiku huo akalale kwa mtu wa Kimara au Mbezi. Foleni ya Dar haimsubiri mgeni.

3. Saa ni ipi?
Hili limewaacha watu stendi. Karani akisema "basi saa 12 asubuhi," anamaanisha jua linachomoza, sio mchana. Lakini tiketi nyingine huandikwa kwa saa za kimataifa, yaani 06:00 ndiyo hiyo saa 12 asubuhi. Mfundishe aulize hivi: "Saa ngapi, asubuhi au jioni?" Kisha arudie jibu kwa sauti.

4. Tiketi na usafiri wa usiku
Akate tiketi ofisini au kwa mtandao, sio kwa mpiga debe anayemvuta begi getini. Tiketi iwe na jina lake, namba ya kiti na tarehe. Nauli za juu za mabasi hupangwa na LATRA, kwa hiyo akitajiwa bei inayomtisha, aulize ofisi nyingine. Pasipoti awe nayo mwilini, sio kwenye buti la basi.

Akifika mji mgeni usiku, asipande gari lenye "abiria wenzake" asiowajua. Aite teksi kwa programu ya simu au aitiwe na nyumba ya wageni, na akutumie namba ya gari.

5. Zanzibar ina taratibu zake
Bado ni Tanzania, lakini mgeni hukaguliwa pasipoti akishuka bandarini. Tangu Oktoba 2024, wageni kutoka nje wanaoingia visiwani wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya huko, ambayo ilianza kwa dola 44. Mwenye kibali cha ukaazi aulize kabla ya kukata tiketi ya boti kama inamhusu.

Mwisho, mkubaliane saa moja ya kupiga simu kila jioni. Sio kumchunga. Siku akikwama Makambako simu ikiwa imezima, wewe ndiye utakayejua jana alilala wapi na leo alipanda basi gani. Mwachie namba yako kwenye karatasi pia, maana simu ikiibiwa, namba zote zinaondoka nayo.