Je, Wajua? Dramu ya Nyuma Ina Hila Yake

Matatu nyingi za Toyota HiAce ziendazo Malindi na Kilifi zina breki za diski mbele, dramu nyuma. Si ubahili wa kiwanda tu: gari likifunga breki, uzito huegemea mbele, hivyo breki za mbele ndizo hufanya kazi kubwa. Tena katika dramu, mzunguko wa gurudumu huvuta kiatu cha breki kijibane zaidi. Diski haina msaada huo, hutaka shinikizo kubwa la mafuta ya breki.

Kwa hiyo fundi anayeweka diski nyuma badala ya dramu huangalia pia pampu kuu na vali ya kugawa shinikizo. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, gari huweza kuteleza mkia mbele. Na hendibreki? Kalipa nyingi (vibano vya diski) hazina pa kuifunga. Swali la kuuliza kabla ya kulipa!